Mbwa wa Kuazima

Hakuna mtu aliyelipenda jua mwaka ule kama Nolasco Ndyamukama. Wakulima wa Nyabiyonza walilalamika kwamba kiangazi kimekuja na hasira, majani ya migomba yamejikunja, na kisima cha bondeni kimeshuka mpaka akina mama wanachota kwa kikombe. Nolasco yeye alitoka nje kila asubuhi na mswaki mdomoni, akatazama mbingu isiyo na wingu hata moja, akatabasamu. Uwanja wake wote, kuanzia ukuta wa jiko hadi kwenye michongoma, ulikuwa umetandikwa maturubai, na juu ya maturubai ilianikwa kahawa ya maganda, nyekundu ikigeuka nyeusi. Mnunuzi wa kahawa hata aombewe na kanisa zima hapati baraka kubwa kuliko jua kali la Julai.

Kilichomnyima usingizi ni wezi. Walikuwa wamekwisha kumchotea kahawa zaidi ya mara moja, hapo hapo uwanjani ilipofunikwa kwa usiku. Kwenda kushtaki hakutaka, kwa sababu sehemu ya kahawa ile ilikuwa ya butura, yaani aliinunua kwa wakulima wenye shida ingali ua mtini, kwa bei ya kutupa, na butura imepigwa marufuku. Mtu akiibiwa mali asiyoweza kuieleza ilikotoka hulia kimoyomoyo. Basi akaamua kutafuta mbwa.

Mbwa wa maana katika kitongoji kile walikuwa kwa mtu mmoja tu, mjane aliyeitwa Speciose. Alitoka Burundi zamani na marehemu mumewe, wakafanya vibarua, wakabaki. Ardhi hakuwa nayo. Watu wenye mihogo na karanga kando ya pori walimpa vipande vya kulima bure, na kwa malipo mbwa wake waliwafukuza ngedere na nguruwe pori katika mashamba yote ya upande ule. Mbwa hao ndio waliomfanya asiitwe mtu wa kuja, au basi aitwe hivyo kwa sauti ya chini.

Hodari kuliko wote alikuwa Gaju, dume lenye rangi ya udongo mwekundu na manyoya mengi. Nolasco akamwomba kwa msimu wa kahawa. Katika kitongoji kile mbwa hachukuliwi na mwazimaji. Mwenye mbwa humleta mwenyewe kwa kamba, akamkabidhi mbele ya mtu wa tatu, na mwazimaji humlisha tonge la kwanza kwa mkono wake ili mbwa ajue sasa anakula kwa nani. Mtu wa tatu siku ile alikuwa Celestin, mwenyekiti wa kitongoji, ambaye hakuwahi kukosa shughuli yoyote yenye harufu ya chakula.

"Shikamoo, mzee," alisema Speciose.

Alikuwa amempita Nolasco kwa miaka mingi, lakini umaskini una namna yake ya kuhesabu umri. Nolasco aliitikia marahaba bila kuona haya.

"Huyu chakula hakimsumbui," Speciose akaendelea, mkono wake ukiwa kichwani kwa mbwa. "Anakula ugali, anakula maganda ya ndizi yakipikwa. Kinachomsumbua ni jua. Mama yake ni Bwiza wangu, lakini baba yake ni yule mbwa wa manyoya wa misheni, kwa hiyo amevaa koti asiloweza kulivua. Mchana mwache mgombani. Atachimba shimo kwenye udongo wenye unyevu alale humo, usimgombeze, anajipoza. Maji mwekee kwenye karai pana. Kikopo atakipiga teke. Na ukiona anahema ulimi wote umetoka nje, mmwagie maji tumboni na miguuni, umpepee."

Nolasco alicheka. "Mama, Karagwe hii kuna joto la kuua mbwa? Joto liko Dar es Salaam. Hapa tunalala na blanketi mbili."

"Ni kweli, mzee. Lakini blanketi ni za usiku."

"Haya, nimesikia. Mgombani, karai, maji. Celestin ni shahidi."

Celestin akasema yeye ni shahidi. Gaju akala tonge la ugali kutoka mkononi mwa Nolasco, akalamba na vidole. Speciose akaondoka bila kugeuka nyuma, maana ukigeuka mbwa hukufuata.

Gaju alianza kazi usiku ule ule. Asubuhi ilikutwa ndala moja na kipande cha suruali kwenye michongoma, na Nolasco akazunguka na kile kitambaa kijiweni kama mtu aliyeshinda kombe. Kuanzia hapo wezi walipita mbali.

Ila mchana mambo hayakumpendeza. Mbwa alichimba shimo kwenye shina la mgomba mchanga. Wakulima walipoleta kahawa aliwabwekea, na mwanamke mmoja aliangusha debe lake zima njiani. Hapo Nolasco akakumbuka maneno ya marehemu baba yake kule Muleba, kwamba mbwa anayeona watu kutwa huwazoea, na kwamba anayetaka mbwa mkali humfungia gizani mchana na kumfungulia usiku. Ni imani ya wengi, na wapo watakaokuapia. Stoo ya kahawa ilikuwa tupu, kwa kuwa kahawa yote ilikuwa nje inakula jua. Stoo yenyewe ilikuwa ya bati juu na bati pembeni, haina dirisha, maana dirisha ni mlango wa mwizi. Humo ndimo alimofungia mbwa wa watu, na kikopo cha maji.

"Baba Vero, stoo ile inawaka," mkewe Prudensia alimwambia. "Nimeingia kuchukua ungo tu nimetoka nimelowa jasho."

"Ndiyo maana kahawa yetu haioti ukungu."

"Mbwa si kahawa."

"Usiku si anatoka? Tena huoni ukali wake umezidi?"

Ukali ulizidi kweli. Hata wewe ukishindishwa ndani ya sufuria utatoka na ukali. Prudensia hakubishana tena. Kila jua lilipofika utosini na mumewe yuko kwenye mizunguko yake, alifungua ule mlango, akaweka karai, na Gaju akanywa mpaka tumbo likajaa, kisha akalala kizingitini nusu ndani nusu nje. Vero, binti yao mdogo, alimpepea kwa kifuniko cha ndoo. Mbwa yule aliishi wiki zile kwa sababu ya mwanamke na mtoto, na Nolasco akajisifu kwamba mbinu ya baba yake inafanya kazi.

Ikaja Jumapili ya komunyo ya kwanza ya mpwa wao kule Nyakakika. Walikuwa wanakwenda wote. Nolasco, shati jeupe limepigwa pasi, alifunga stoo kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni, maana mizani yake mpya ilikuwa ndani.

"Mtoe kwanza mbwa," alisema Prudensia. "Mfunge mgombani."

"Akikata kamba nani atamrudisha? Tutarudi mapema."

Mtu akikuambia tutarudi mapema huku anajipaka manukato shingoni, usimwamini. Huko Nyakakika palikuwa na ndizi na nyama, palikuwa na pombe ya rubisi ya kutosha, na Nolasco aliwekwa meza kuu karibu na katekista. Jua lilipokuwa juu kabisa, watu wamehamia chini ya maturubai na akina mama wanajipepea kwa kanga, Prudensia alipita nyuma ya viti akainama sikioni mwa mumewe.

"Nipe ufunguo nichukue boda."

"Wageni wataonaje? Nenda kakae."

"Leo hakuna aliyemfungulia. Nipe ufunguo tu, wewe baki."

"Mbwa ni mbwa, mama Vero. Nitakwenda mwenyewe sasa hivi."

Akaufunika mfuko kwa kiganja kana kwamba mkewe ni mwizi. Kisha akaitwa kutoa neno, akasimama akawaasa watoto wa komunyo juu ya kumpenda jirani, akapigiwa makofi. Baada ya neno ikaja keki, baada ya keki zawadi, baada ya zawadi nyimbo. Waliporudi jua lilikuwa limeanza kuinama lakini bado linachoma. Walifuatana na Celestin na wanaume wengine kadhaa, maana Nolasco alikuwa amepewa dumu la rubisi na dumu halinywewi na mtu mmoja.

Stoo ilikuwa kimya. Nolasco alifungua kufuli akiwa bado anacheka jambo alilosema Celestin. Joto lililotoka lilimpiga usoni kama mvuke wa chungu cha ndizi kinapofunuliwa. Kikopo kilikuwa kimepinduka kwenye kona. Gaju alikuwa amelala nyuma ya mlango, pua yake imesukumwa kwenye upenyo wa chini alikotafuta hewa. Alinyanyuka kwa shida, miguu imetanuka, ulimi umekuwa mwekundu wa kiza, mate mazito yananing'inia mpaka chini. Macho yake yalikuwa mekundu na hayakumwona mtu. Alitoka akagonga mwimo wa mlango, akaanguka, akanyanyuka, akapita juu ya kahawa akipepesuka kuelekea kwenye tangi la maji, mahali ambapo bomba lilivuja na kufanya tope. Vero akamkimbilia kama alivyozoea. Mbwa akamwangukia miguuni, na yale mate yakamwenea goti alilolichubua jana yake akicheza rede.

"Mtoe mtoto," alisema Celestin. "Mbwa huyo ana kichaa."

Neno kichaa likishatamkwa mbele ya mbwa, halirudi. Wanaume walikuwa wamekwisha kung'oa miti iliyotegemeza migomba yenye mikungu. Prudensia alimsukuma mtoto nyuma yake, akachota ndoo ya maji akammwagia mbwa, akisema ni joto, mwacheni, ni joto tu. Gaju alishtuka akarudi nyuma.

"Mmeona?" mmoja alisema. "Anaogopa maji."

Celestin akamgeukia mwenye nyumba. "Nolasco, wewe ndiye unayekaa naye. Yuko hivi tangu lini?"

Hapo ndipo palipokuwa pake pa kusema. Sentensi moja ingetosha: nilimfungia kwenye bati tangu asubuhi, leteni maji. Ulimi wake ulikuwa tayari. Lakini mbele yake alisimama Celestin, shahidi wa karai na mgomba, na Nolasco aliiona habari ikikimbia kutoka kwenye dumu lile la rubisi mpaka Nyakasimbi na kurudi hadi Nyakakika, alikotoka kuwahubiria watoto: tajiri kaoka mbwa wa mjane. Mtu mzima kuonekana mpumbavu ni mzigo, na kwa mtu mwenye mizani yake ni mzigo mara mbili.

"Tangu asubuhi nilimwona hajakaa sawa," alisema. "Ndiyo maana nikamfungia."

Prudensia alibaki na ndoo tupu mkononi, anamtazama. Kwao alifundwa kwamba mume hakanushwi mbele ya wageni. Siku ile aliyachukia mafundisho hayo, na aliyafuata.

Gaju hakupigana nao. Mbwa aliyemvua mwizi suruali alipigwa akiwa ananyoosha shingo kulielekea lile tope, na hakulifikia.

Speciose alifika akihema, kanga moja imefungwa ovyo, kwa sababu habari mbaya haina haja ya boda. Alipiga magoti pale pale. Hakumgusa, walimkataza kumgusa. Alimtazama mbwa wake kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Mzee, alikuwa anashinda wapi?"

"Mgombani, mama. Kama ulivyosema."

"Na maji alikuwa anakunywa?"

"Karai zima. Ni leo tu amebadilika."

"Basi sielewi," alisema Speciose.

Nolasco aliagiza mzoga uchomwe kabla giza halijaingia, akatoa mafuta ya taa yake mwenyewe. Watu walimwona ni mtu anayejali watoto wa wenzake. Ndani ya nyumba, baada ya wageni kuondoka, Prudensia alimwambia jambo moja tu.

"Mbwa wa watu umemuua mara mbili. Mara kwa bati, mara kwa mdomo."

"Na kama kweli alikuwa na kichaa?" alisema Nolasco. "Wewe ni daktari?"

Aliposema hivyo alijisikia nafuu, akaamua kuendelea kusema hivyo hivyo.

Asubuhi akaja Deodatha, afisa mifugo, kwa pikipiki yake. Alikuta majivu.

"Nani kasema achomwe? Nilitaka kichwa kikapimwe."

"Ni mimi," Nolasco alijibu. "Kwa usalama."

Deodatha alikuwa dada mpole lakini si wa kudanganywa haraka. Alizunguka uwanja, akaitazama kahawa, akaitazama stoo. "Nauliza kwa sababu dalili mlizonieleza ni za kichaa, lakini na mbwa aliyezidiwa na joto huwa hivyo hivyo. Hutoa mate, hupepesuka, macho huwa mekundu, hata maji hawezi kumeza. Watu wa milimani huwa hatuamini, tunadhani joto ni la pwani. Huyu siku zote alikuwa anakaa wapi?"

"Mgombani, kivulini, na karai la maji," alisema Nolasco. "Muulize Celestin, yeye ni shahidi."

Celestin akatikisa kichwa kukubali. Alichokishuhudia ni ahadi, lakini mbele za watu ahadi na kitendo vilikwisha kuwa kitu kimoja, na yeye mwenyewe hakuona tofauti.

"Kama ni hivyo hatuwezi kubahatisha," alisema Deodatha. "Mtoto aoshwe goti kwa sabuni na leo leo apelekwe hospitali akaanze sindano. Na wale mbwa wengine wa yule mama wafungwe, wasitoke, tuwaangalie."

Lakini nani wa kuwaangalia? Pikipiki ilipoondoka tu, Celestin aliita wanaume, na wanaume walisema hawana muda wa kuchunga ugonjwa. Walikwenda kwa Speciose na kamba na marungu. Bwiza alikuwa ananyonyesha. Hakukubali mgeni amsogelee, ikabidi Speciose amfunge mwenyewe huku akimsemesha Kirundi. Watoto wa Bwiza hawakuhitaji kufungwa. Waliwafuata wanaume wale wenyewe, mikia juu, wakidhani ni mchezo.

Vero alishikwa na watu wawili kudungwa sindano, na akarudishwa tena na tena hospitalini kwa nyingine. Kila safari Nolasco alimpakata kwenye boda, na kila safari mtoto alilia njia nzima. Safari moja muuguzi aliuliza mbwa alikuwa wa nani, naye akasema ni wa mama mmoja Mrundi huko kwetu. Muuguzi akasikitika, akasema watu hawachanji mbwa wao. Nolasco naye akasikitika.

Siku ya Jumapili iliyofuata, watu wakiwa wamekaa uwanjani kwa Nolasco baada ya misa, Speciose aliingia anavuta mbuzi jike mweusi. Ndiye mnyama pekee aliyebaki kwake. Alipiga magoti mbele ya wote.

"Mzee, nimekuletea ugonjwa nyumbani," alisema. "Sikujua. Kila nikilala namwona mtoto. Sina cha kukurudishia, huyu ndiye niliye naye. Naomba mnisamehe, wewe na mama Vero."

Prudensia aliyekuwa mlangoni na sinia la vikombe aligeuka akarudi ndani, na vikombe vikasikika vikigongana. Nolasco aliitazama kamba iliyonyooshwa kwake. Angeweza kuikataa, angalau hiyo. Lakini kukataa radhi mbele ya watu kungewafanya waulize kwa nini, na swali la kwa nini ndilo asilolitaka uwanjani kwake.

"Nimekusamehe, mama," alisema, akaipokea kamba. "Inuka, usijichafue."

Mnyonge msonge, wahenga walisema, na hawakukosea. Mihogo ilipoanza kuliwa na ngedere mchana kweupe, wenye mashamba walikumbuka kwamba ardhi walimpa Speciose kwa ajili ya mbwa, na mbwa hawapo. Mmoja akachukua kipande chake, wa pili akafuata, na mwisho akabakiwa na uwanja wa nyumba. Akaja kwa Nolasco kuomba kibarua. Nolasco akampa kazi ya kugeuza kahawa juani, tena aliona kwamba anatenda wema.

Aligeuza kahawa ile kwa reki kutwa, kichwa amekifunika kwa kanga, hapo hapo alipofia mbwa wake. Hakulalamika. Kahawa ikakauka mpaka ikalia ukiitikisa mkononi, ukafika wakati wa kuitia kwenye magunia na kuyaingiza stoo. Nolasco alikuwa kwenye mizani anasoma uzito, akili yake yote iko kwenye mshale, hata hakuona ni nani aliyebeba gunia la mwanzo kuingia ndani.

Aliona tu kwamba aliyeingia hatoki.

Speciose alikuwa amelitua gunia na kuusukuma mlango ili apate nafasi, na ule mlango wa mbao ukamwonyesha upande wake wa ndani. Chini, usawa wa mbwa, ulikuwa umekwanguliwa kwa kucha mpaka mti mweupe ukaonekana. Ukingo wa chini ulikuwa umetafunwa. Kwenye misumari ya bati yalinasa manyoya mekundu. Na hazikuwa kucha za siku moja. Mikwaruzo ya zamani ilikuwa imekwisha kuwa myeusi, mingine imepita juu yake, na mipya imepita juu ya hiyo. Speciose alichuchumaa, akautazama mlango wote, kuanzia bawaba hadi kitasa, bila haraka. Ndani ya bati jasho lilimtiririka shingoni.

Nolasco alisimama kwenye mwanga wa mlango. Walitazamana.

"Alikuwa anashinda humu," alisema Speciose. Hakuwa anauliza.

Nolasco aligeuka kuona kama vibarua wengine wamesikia. Hawakusikia, walikuwa wanashona magunia na kutaniana. Angeweza kusema kitu hata hapo. Mtu aliyepigiwa magoti na mjane kwa kosa lake mwenyewe ana mengi ya kusema, akitaka.

"Mama, sogeza gunia mlangoni," alisema. "Wenzako wanataka kupita."

Speciose alinyanyuka, akalisogeza gunia, akafuta uso kwa ncha ya kanga.

"Jioni nitaondoka na mbuzi wangu," alisema.

"Mchukue."

Alimaliza kazi ya siku ile, kwa sababu nusu ya kibarua hailipwi. Jioni akamfungua mbuzi, akapita naye katikati ya kitongoji bila kumwamkia mtu. Kesho yake hakuja kazini, wala kesho kutwa.

Kijiweni jambo hilo liliwaudhi sana watu.

"Katuletea kichaa kijijini, tukamhurumia," alisema mmoja. "Sasa faini kaifuata. Huyo ana haya kweli?"

"Watu wa kuja ndivyo walivyo," alisema Celestin. "Mimi nasema aitwe kwenye mkutano. Mbuzi arudi, na kama hataki, arudi yeye alikotoka. Au unasemaje, mzee? Wewe ndiye uliyekosewa."

Wote walimgeukia Nolasco. Yeye alikuwa anakoroga chai yake, na aliikoroga muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

"Mwacheni," alisema. "Ni mjane wa watu."

Kisha Celestin akasema kwamba kama wenye mali wote wangekuwa na moyo wa mzee Nolasco, kitongoji kingekuwa mbali. Wengine wakaunga mkono, na mmoja wao akamlipia chai.